Ndoo ya Kachumbari Mbele ya Majaji: Mwongozo wa Mashindano ya Mipango ya Biashara kwa Wanafunzi wa Nairobi

Mara yangu ya kwanza kushindana nilikuwa mwaka wa tatu, na mpango wetu ulikuwa na kurasa 48. Tuliuchapisha kwa rangi, tukaufunga kwa waya kwenye duka la fotokopi, tukaubeba kwa mikono miwili kama msahafu. Biashara yenyewe ilikuwa programu ya simu ya kumwita mama fua, yaani mwanamke anayefulia watu nguo kwa malipo, hadi mlangoni. Tulikuwa na jedwali la mapato ya miaka mitano. Jaji mmoja, mama wa makamo aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akaufunga ule mpango akatuuliza: "Wanangu, mama fua analipwa kabla ya kufua au akishaanika?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Sote watatu tulikuwa tunajifulia wenyewe.

Hatukufika hata nusu fainali. Tangu hapo nimeshindana mara mbili zaidi, nikashinda moja, na miaka hii ya karibuni nimekuwa nikialikwa kukaa upande wa pili wa meza, kusoma mipango ya wanafunzi na kuipa alama. Haya ninayoandika yametoka pande zote mbili. Nitashika mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: timu ya kubuni ya wanafunzi watatu wanaotaka kuwauzia wauza smoki (soseji za toroli) wa Thika Road kachumbari iliyokwisha kukatwa. Nimeuchagua kwa kuwa kila komredi wa chuo ameshawahi kula smoki pasua, iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari, usiku akirudi bwenini, na kwa kuwa hesabu yake ina mtego.

Hatua ya 1: Jua unaingia uwanja gani

Mashindano haya yalianzia Marekani. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kiliyaanzisha mwaka 1984 kwa kuiga kesi za kuigiza za wanafunzi wa sheria: kama mwanasheria mtarajiwa hujizoeza mbele ya hakimu wa kuigiza, kwa nini mfanyabiashara mtarajiwa asijizoeze mbele ya wenye pesa? MIT ikafuata mwaka 1990 na zawadi ya dola 10,000. Asili hiyo bado inaonekana kwenye karatasi za alama: kuna alama za biashara, na kuna alama za jinsi unavyoitetea ukiwa umesimama.

Hapa Nairobi utakutana na aina kama nne. Kuna ya ndani ya chuo, ambayo mara nyingi huandaliwa na kitivo cha biashara au kituo cha kulea biashara changa. Strathmore pale Madaraka ina iBizAfrica, Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina kituo kinachobeba jina la Chandaria. Usingoje tangazo. Nenda mlangoni, uliza wana nini muhula huu, acha namba yako ya simu. Matangazo mengi hubandikwa wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, na wiki mbili hizo huangukia CAT, mitihani ya katikati ya muhula.

Ya pili ni ya kimataifa yanayoanzia chuoni. Hult Prize hutangaza changamoto, timu za wanafunzi zikashindana kwanza vyuoni mwao, kisha zikapanda ngazi kuelekea fainali yenye zawadi ya dola milioni 1. Enactus nayo hutaka mradi unaogusa jamii, na washindi wa kitaifa huiwakilisha Kenya nje. Ya tatu ni ya vijana wote, wanafunzi na wasio wanafunzi, yanayodhaminiwa na serikali na wafadhili. MbeleNaBiz ilitoa ruzuku za shilingi 900,000 na shilingi milioni 3.6, na mwenye biashara inayouza tayari alikuwa na la kusema kuliko mwenye wazo tupu. Ya nne ni ya wikendi moja, ambapo mnajifungia kwa saa 48 mkatoka na bidhaa. M-Farm, huduma iliyompa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi, ilizaliwa hivyo: mabinti watatu walishinda IPO48 hapa Nairobi mwaka 2010 wakapata yuro 10,000.

Ukishajua aina, soma masharti. Najua hakuna anayeyasoma. Tafuta mambo manne: nani anahesabiwa kuwa mwanafunzi (mwenzenu aliyemaliza mwaka jana anaweza kuwaondoa nyote), kama biashara iwe imesajiliwa au la, zawadi ni pesa, au ni pesa "na huduma", ambapo huduma huenda ikawa meza ofisini mwa mtu kwa miezi sita, na nani anamiliki wazo likishawasilishwa. Masharti yakisema kila kilichowasilishwa ni mali ya mwandalizi, achana nayo. Mengine yapo.

Hatua ya 2: Timu

Wanafunzi huunda timu jinsi wanavyochagua nani wa kukaa naye chumbani: marafiki, kozi moja, mwaka mmoja. Matokeo yake ni watu watatu wanaojua kutengeneza jedwali na hakuna anayejua kumsimamisha mteja barabarani. Kwa kachumbari yetu ningetaka mmoja wa lishe au sayansi ya chakula, mmoja wa hesabu, na mmoja mwenye mdomo. Huyo wa mdomo anaweza kuwa wa kozi yoyote. Mara nyingi ndiye aliyekuwa akiuza kadi za simu na chapo bwenini tangu mwaka wa kwanza.

Andikeni nani ana hisa ngapi kabla pesa haijaonekana. Karatasi moja, sahihi tatu. Andikeni pia kwamba hisa zinaiva kidogo kidogo, tuseme kwa miaka mitatu, ili anayeondoka baada ya kupata kazi asibaki na thuluthi ya kampuni ambayo haifanyii chochote. Nimeona urafiki wa miaka minne ukivunjika kwa ajili ya shilingi 150,000 za zawadi. Na jaji mzoefu huuliza swali hilo moja kwa moja: "Mkimaliza shule, nani atabaki?" Mkijibu kwa pamoja "sote!" anajua hamjaongea.

Hatua ya 3: Toka nje kabla ya kuandika neno moja

Hapa ndipo ushindi hupatikana au hupotea, na ndipo wengi hupita mbio.

Makosa ya kwanza ni kumwuliza mtu, "Je, ungenunua?" Mkenya akiulizwa hivyo na mwanafunzi mwenye kalamu na tabasamu atasema ndiyo ili aendelee na shughuli zake. Si mwongo, ni mstaarabu. Kisha mnaandika "asilimia 94 ya waliohojiwa walionyesha nia ya kununua," na jaji naye anatabasamu kwa ustaarabu uleule.

Uliza yaliyokwisha kutendeka. Jana nyanya ulinunua wapi? Saa ngapi? Bei gani? Nani aliyekata? Ilikuchukua muda gani? Iliyobaki usiku uliifanya nini? Toroli hii ni yako au unamfanyia mtu? Swali hili la mwisho linaonekana dogo, lakini kama toroli ni ya mwenyewe mwingine, basi mnayeongea naye huenda si yeye anayeamua kununua kachumbari yenu. Biashara nzima inaweza kugeuka kwa jibu hilo.

Sasa hesabu. Chukueni jioni mbili, moja ya katikati ya wiki na moja ya Ijumaa, mtembee kwa miguu kutoka Roysambu kupitia Githurai hadi Kahawa Wendani, mkihesabu toroli za smoki. Mtachoka, mtakula smoki nyingi mno, lakini mtarudi na namba ambayo hakuna timu nyingine inayo. Mipango mingi huanza hivi: "Kwa mujibu wa sensa ya 2019 Nairobi ina watu 4,397,073. Tukipata asilimia 1 tu..." Hiyo asilimia 1 tu haijawahi kupatikana na mtu kwa kuiandika. Sensa inakuambia watu wako wangapi. Haikuambii kwamba muuza smoki wa mlangoni mwa jengo la maduka la TRM hununua nyanya zake jioni kwa mama mboga wa pembeni kwa bei ya rejareja kwa kuwa hawezi kuacha toroli aende soko la jumla la Marikiti. Hilo ndilo pengo lenu la soko.

Kisha uzeni. Kabla ya nembo, kabla ya ukurasa wa Instagram. Kateni ndoo tano, wapelekeeni watu watano, wawalipe. Mteja akilipa kwa Pochi la Biashara au kwa namba ya Lipa na M-Pesa, taarifa ya malipo inabaki, na taarifa hiyo ya simu ina uzito kuliko hojaji 200. Rudini kesho yake. Watatu wakinunua tena na wawili wakakataa, mna habari mbili nzuri: kwamba kuna biashara, na kwamba kuna watu wawili wa kuwauliza kwa nini. Mmoja labda atawaambia kitunguu kilikuwa kikali hakikuoshwa kwa chumvi. Mwingine atasema wateja wake hupenda kuiona kachumbari ikikatwa mbele ya macho yao. Jibu la kwanza linarekebishika asubuhi inayofuata. La pili ni la kuandikwa kwenye mpango chini ya kichwa cha hatari, kwa maneno yake mwenyewe.

Hata ile programu yetu ya mama fua ingeokolewa na asubuhi moja ya kukaa nao wanapongojea kazi nje ya magorofa. Tungejua ya malipo, na tungejua pia kwamba wengi wana wateja wa kudumu na hawakuhitaji programu ya kuwatafutia.

Hatua ya 4: Hesabu ya ndoo moja

Weka kando jedwali la miaka mitano. Anza na ndoo moja ya kilo mbili hivi, kifuniko juu. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Zenu zitoke kwenye stakabadhi zenu.

Nyanya kilo 1.3 kwa shilingi 80 kwa kilo ni shilingi 104. Vitunguu kilo 0.6 kwa shilingi 100 ni 60. Dhania, pilipili na limau, 10. Mama anayekata analipwa 20 kwa ndoo. Boda anayesambaza, ikigawanywa kwa ndoo anazobeba, 20. Maji na sabuni ya kuoshea ndoo, 6. Jumla shilingi 220. Mnauza 280. Inabaki 60.

Timu nyingi huishia hapa zikishangilia. Sasa tuendelee. Chumba cha kukatia ni shilingi 6,000 kwa mwezi, umeme na intaneti 1,500, simu na vikorokoro 1,000. Hizo 8,500 zitatoka hata msipouza ndoo moja. Gawanya kwa 60: mnahitaji ndoo 142 kwa mwezi ili msipate faida wala hasara, yaani kama ndoo sita kwa siku mkifanya kazi siku 26. Rahisi kabisa!

Ila ninyi mmekula nini? Mipango ya wanafunzi ina ugonjwa mmoja: waanzilishi hawalipwi. Mkopo wa serikali wa HELB unalipa, mzazi analipa, biashara inaonekana na afya. Jilipeni shilingi 10,000 kila mmoja kwenye karatasi, hata kama kwa sasa hamtazichukua. Gharama za kudumu zinakuwa 38,500, na ndoo mnazohitaji ni 642 kwa mwezi, kama 25 kwa siku. Rudini kwenye ile hesabu ya kutembea kwa miguu. Tuseme mlihesabu toroli 60. Ndoo 25 kila siku maana yake zaidi ya thuluthi ya toroli zote za njia hiyo zinunue kwenu, kila siku, mvua na jua. Sasa mna swali la kweli: mnaongeza njia ya pili, mnaongeza bidhaa ya pili kwenye boda ileile (mayai yaliyokwisha chemshwa, kwa mfano), au mnakubali kwamba ni biashara ya mtu mmoja na si ya watu watatu?

Na ule mtego niliousema: nyanya. Bei ya nyanya hupanda na kushuka kwa msimu kuliko karibu kitu chochote sokoni. Ikifika 140 kwa kilo, nyanya za ndoo moja zinakuwa shilingi 182, gharama inafika 298, na kila ndoo mnayouza kwa 280 inawala shilingi 18. Kadiri mnavyouza zaidi ndivyo mnavyozama zaidi. Fanyeni hesabu ya kurudi nyuma: nyanya zikipita shilingi 126 hivi kwa kilo, ndoo haina kitu. Namba hiyo ikae kwenye mpango, ikae kwenye slaidi, ikae kichwani mwa kila mmoja wenu. Kisha semeni mtakachofanya siku hiyo ikifika: bei inayobadilika kila Jumatatu na mteja amekubali mapema, au nyanya chache na karoti zaidi baada ya kuwauliza walaji, au makubaliano na mkulima mmoja. Kila jibu lina kasoro. Jaji hatafuti lisilo na kasoro, anatafuta kuona kama mlishawahi kulifikiria kabla ya yeye kuuliza.

Nimetumia maneno mengi kwenye ndoo hii kwa sababu mipango saba kati ya kumi ninayoisoma haina hesabu ya kitu kimoja. Hiyo si takwimu ya utafiti, ni kumbukumbu ya macho yangu yaliyochoka.

Hatua ya 5: Sasa andika

Mkifika hapa mkiwa mmefanya hayo ya juu, kuandika ni kazi ya siku tatu. Ukurasa wa kwanza ndio unaosomwa na kila jaji. Kurasa nyingine husomwa na yule aliyepata usingizi. Katika ukurasa huo weka nani ana shida, shida inamgharimu kiasi gani, mnamuuzia nini, mmeshauza ndoo ngapi, kila ndoo inabakisha nini, na mnaomba pesa kiasi gani za kufanyia nini. Usianze na "Katika ulimwengu wa leo wenye ushindani." Anza na Ijumaa saa moja jioni, Roysambu, muuza smoki ana wateja sita kwenye foleni na anakata kitunguu.

Kuhusu washindani, usiandike kamwe kwamba hamna mshindani. Mshindani wenu ni kisu cha muuzaji mwenyewe. Ni mama mboga wa karibu. Ni ndugu yake mdogo anayekata bure.

Kuhusu pesa mnazoomba, taja vitu. "Shilingi 200,000 za kupanua biashara" haina maana. Ndoo 120 zenye vifuniko, meza mbili za chuma cha pua, jokofu la mitumba, kodi ya miezi mitatu, akiba ya kununulia nyanya wiki mbili: hiyo jaji anaweza kuiona. Ndoo zenyewe zina sababu. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, mfuko huo wa bei rahisi hauruhusiwi tena, na chombo kinachorudi ndicho kinachobaki. Eleza pia mteja anaweka amana ya shilingi ngapi kwa ndoo, maana ndoo nzuri yenye kifuniko hupata kazi nyingine nyumbani kwa mtu.

Lugha iwe ileile unayoongea na mteja. Kama mashindano ni ya Kiingereza, na mengi ni ya Kiingereza, andika Kiingereza cha sentensi fupi.

Hatua ya 6: Karatasi za serikali

Hii ni fupi. Kwa mashindano ya chuo, jina la biashara tu linatosha, na husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kampuni yenye hisa hugharimu zaidi na huja na wajibu wa kila mwaka, kwa hiyo ngojeni hadi kuwe na kitu cha kugawana. Kila mmoja awe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Kwa chakula, anayekata awe na cheti cha afya cha mshika chakula, na mjue leseni ya kaunti inataka nini hata kama bado hamjaichukua.

Hofu ya kuibiwa wazo nitaigusa kidogo kwa sababu huulizwa kila mara. Wazo la kuuza kachumbari halina mwenyewe. Jina na nembo mnaweza kuvisajili KIPI, taasisi ya serikali ya alama za biashara na hataza, kama alama ya biashara, ambayo hudumu miaka 10 na huhuishwa. Lakini kama mmevumbua kitu cha kiufundi, mashine mpya kabisa ya kukatia kwa mfano, wasilisheni KIPI ombi la hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) kabla ya kupanda jukwaani, kwa kuwa sharti mojawapo la hataza ni upya, na kitu kilichoonyeshwa ukumbini mbele ya watu 300 si siri tena. Na kama mliivumbua kwenye maabara ya chuo mkisaidiwa na mhadhiri, ulizeni sera ya chuo inasemaje kuhusu umiliki. Ulizeni sasa, si siku ya kutiwa sahihi.

Hatua ya 7: Jukwaani

Mna dakika tano, labda tatu. Msigawane dakika hizo kama sadaka, kila mmoja apate kidogo. Mmoja aongee mwanzo hadi mwisho, wengine wajibu maswali, na mkubaliane nani anajibu ya pesa na nani ya chakula. Hakuna kinachowaangusha wanafunzi kama watatu kuanza kujibu kwa pamoja, au mmoja kumsahihisha mwenzake mbele ya jaji.

Jizoezeni kwa watu wasiowapenda sana. Rafiki atasema "mko sawa." Mpigie simu mama yako, mweleze biashara bila slaidi. Akiuliza, "Sasa hapo pesa inatoka wapi?" bado hamjaiva. Mweleze pia muuza smoki mwenyewe. Huyo atawarekebisha hadi bei.

Chukueni ndoo ukumbini. Ifungueni. Harufu ya dhania na limau itafanya kazi ambayo slaidi haiwezi, hasa kama zamu yenu ni saa sita na nusu na chakula cha mchana kimechelewa. Niliwahi kuona timu ikipika mbele ya majaji ikakaribia kuwasha king'ora cha moto, kwa hiyo pimeni wenyewe. Slaidi zenu ziwe zimehifadhiwa kwa PDF, ziwe kwenye flashi, ziwe pia kwenye barua pepe, na video isitegemee intaneti ya ukumbi. Umeme ukipotea, muwe mnaweza kuendelea kwa mdomo.

Majaji huwa wa aina chache, na inasaidia kuwatambua. Wa benki mdhamini husikiliza pesa zitarudi vipi. Mhadhiri husikiliza kama mlifuata njia ya utafiti; mwambie mlihesabu jioni mbili, mkahoji wangapi, mkauza kwa siku ngapi. Mfanyabiashara wa kweli, yule aliyevaa kawaida na anayetazama simu, atauliza swali moja la bei ya kitu, na mkikosea amewafunga. Mshindi wa zamani huuliza juu ya timu.

Swali msilolijua, jibuni: "Hilo hatujalipima. Tungelipima hivi." Kisha semeni hivyo vyenyewe. Mara nyingi nimempa alama za juu mtu aliyesema hajui, kwa namna aliyosema. Aliyebuni namba papo hapo hujulikana. Sauti hupanda kidogo na namba huwa nzima mno.

Hatua ya 8: Kesho yake

Mkishindwa, ombeni karatasi za alama ndani ya siku mbili tatu, majaji wakiwa bado wanawakumbuka. Si kila mwandalizi atazitoa, lakini jaji mmojammoja mara nyingi hukubali kuongea dakika kumi ukimwandikia kwa adabu na swali mahususi. Kisha pimeni maneno yao kwa kiasi. Nigeria ilipoendesha YouWiN!, mashindano ya serikali ya mipango ya biashara, kuanzia mwaka 2011, karibu watu 24,000 waliomba, 1,200 wakashinda, kila mmoja akapata wastani wa dola 50,000. David McKenzie wa Benki ya Dunia alizifuatilia biashara hizo kwa miaka kadhaa. Ruzuku ilisaidia kweli: washindi walifungua biashara, zikadumu, zikaajiri. Lakini yeye na Dario Sansone walipotazama kama alama za majaji ziliweza kutabiri nani kati ya washindi angefanikiwa zaidi, hazikuweza kwa lolote la maana. Nami ni jaji, nimelikubali hilo shingo upande. Muuza smoki aliyenunua ndoo ya tano mfululizo anajua biashara yenu kuliko mimi.

Mkishinda, ile hundi kubwa ya kadibodi ni ya picha. Pesa halisi mara nyingi hutoka kwa awamu, baada ya ripoti, na mara yangu ilichukua miezi. Msikope kwa kuitegemea, na msiache kuuza mkiingojea. Fungueni akaunti ya biashara inayohitaji sahihi mbili kabla awamu ya kwanza haijaingia. Awamu hiyo inunue vile vitu mlivyovitaja kwenye mpango, kwa stakabadhi, kwa sababu ya pili itatolewa kwa kutazama stakabadhi hizo. Ofisi ya Westlands, fulana zenye nembo na safari ya Naivasha ya "kujenga timu" havikuwa kwenye orodha.

Na ndoo ziandikwe namba kwa rangi isiyofutika, chini na kwenye kifuniko, siku ileile zinaponunuliwa.